Siri na Ushahidi: Insha juu ya Mwenyeji na Wageni Wake

Kuaminiana ni msingi wa kila nyumba ipokeayo wageni. Mwenyeji afunguaye mlango humwamini mgeni kwa mali yake. Mgeni alalaye humwamini mwenyeji kwa roho yake. Imani hizi mbili hazilingani kwa uzito, wala si za namna moja, lakini moja ikikosekana nyingine haidumu. Jambo hili ni la kale kama safari zenyewe, na wahenga wamelisemea mengi. Hata hivyo limezaliwa upya mahali ambapo wahenga hawakupatazamia, yaani ndani ya kompyuta kuu, ambamo mashine moja kubwa huhifadhi seva kwa makumi na pengine kwa mamia, na kila seva ina mlango wake na mlinzi wake. Wahandisi wamezipa pande hizi mbili majina ya mwenyeji na mgeni, na majina hayo si ya bure.

Swali lililozaliwa ni hili. Mtu akiisha kutambuliwa na mwenyeji, je, yafaa wageni wote wamkubali kwa ushahidi wa mwenyeji, au kila mgeni apaswa kumtambua kwa njia yake mwenyewe? Kwa mtazamo wa kwanza swali hili ni la mafundi, nalo lingeweza kuachiwa mafundi. Likitazamwa vema ni swali la maadili, kwa kuwa ndani yake mna shauri la nani aaminiwe, nani alaumiwe, na nani awe na uwezo wa kumfungia mwenzake mlango.

Yafaa nyumba yenyewe ielezwe kwanza. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza ukoo wa mashine ulioitwa System/360. Katika kituo chake cha sayansi kilichokuwako Cambridge, Massachusetts, wahandisi walioongozwa na Robert Creasy walitunga programu iliyoitwa CP-40, ambayo iliigawa mashine moja hata kila mtumiaji akaona kana kwamba ana mashine nzima peke yake. Ikafuata CP-67, kisha mwaka 1972 ikafuata VM/370. Na uzao wake wa leo huitwa z/VM. Mwezi wa Desemba 1999 IBM ilitoa hadharani sehemu za programu zilizoiwezesha Linux kufanya kazi katika mashine hizo kubwa, na tangu hapo seva nyingi za Linux zimekuwa zikiishi pamoja chini ya dari moja. Kila seva hujiona ina kumbukumbu yake, diski zake na watumiaji wake. Kwa kweli kumbukumbu na diski ni mgawo wa mwenyeji. Watumiaji peke yao ndio ambao mgeni amewaandika katika daftari lake mwenyewe, na hapo ndipo taabu ianziapo.

Na ichukuliwe ofisi yenye wageni 30 katika mashine moja. Mfanyakazi mmoja, ambaye kazi yake humpitisha katika seva zote hizo, ataandikwa katika daftari 30 na atatakiwa kukumbuka maneno ya siri 30. Hakuna akili ya binadamu iliyoumbwa kwa mzigo huo. Atafanya mojawapo ya mambo matatu: atayaandika maneno hayo katika karatasi, au atatumia neno moja kila mahali, au atachagua maneno mepesi mno. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza matokeo ya uchunguzi wao wa maneno ya siri 3,289 yaliyokusanywa kwa watumiaji. Maneno 2,831 kati yake, yaani asilimia 86, yaliweza kubahatishwa kwa urahisi, ama kwa ufupi wake ama kwa kuwa yalikuwamo katika kamusi na orodha za namna hiyo. Watu hao hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu waliotwishwa kukumbuka, wakautua mzigo mahali palipokuwa karibu.

Mfanyakazi huyo aondokapo kazini, jina lake lapaswa kufutwa mahali 30. Likifutwa mahali 29, mlango mmoja hubaki wazi kwa mtu asiye na haki ya kuingia, na aghalabu hakuna ajuaye mpaka siku ya hasara. Nyumba yenye milango mingi na walinzi wasiosemezana haina ulinzi mwingi. Ina walinzi wengi tu. Mambo haya mawili ni tofauti, na mtu ayachanganyaye hulipa gharama ya la kwanza akapata faida ya la pili.

Dawa ya haraka, ambayo huwajia wengi mawazoni, ni kunakili. Daftari la mwenyeji lichukuliwe pamoja na siri zake zote, ligawiwe kwa kila mgeni, ili kila mlinzi ajue yale ayajuayo mwenzake. Dawa hii ni mbaya kuliko ugonjwa. Siri ijulikanayo na walinzi 30 ni siri iliyo karibu kuwa habari. Historia yenyewe inaonya. Katika chuo cha MIT, Marekani, palikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961 chini ya uongozi wa Fernando Corbató, nao ni miongoni mwa mifumo ya kwanza kumtaka mtumiaji neno la siri. Maneno yote yaliwekwa katika faili moja kama yalivyo. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa hapo, Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi wa kutumia mashine, aliomba faili hilo lichapwe, nalo likachapwa, akalichukua. Mwaka 1966 kosa la programu lilibadilisha mafaili mawili mahali pake, na kila aliyeingia katika mfumo akapokewa, badala ya tangazo la siku, na orodha ya maneno ya siri ya watu wote. Hapakuwa na adui wala hila mara hii. Palikuwa na ghala moja la siri, na mlango wake ukakosewa.

Fundisho la visa hivyo lilieleweka mapema. Roger Needham wa Cambridge, Uingereza, alitoa wazo ambalo Maurice Wilkes alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1968: neno la siri lisiwekwe kama lilivyo, bali lisagwe kwa hesabu isiyorudi nyuma, na kiwekwe kile kilichosagwa. Mtu ajapo na neno lake, nalo husagwa papo hapo, na unga hulinganishwa na unga. Mwenye kuiba ghala huondoka na unga, na unga haurudi kuwa punje. Toka hapo mlinzi mwema si yule ajuaye siri ya mtu, bali yule awezaye kusema kweli kama mtu huyu anayo siri yake au hanayo. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo zima: kushirikiana ushahidi si kushirikiana siri.

Kwa kanuni hiyo mwenyeji na wageni wake waweza kupatana bila kunakili kitu. Programu ya ulinzi iitwayo RACF, ambayo IBM iliitoa mwaka 1976, hutunza daftari la mwenyeji. Mwaka 2007, katika toleo la 5.3, z/VM ilipata seva ya LDAP, yaani karani wa daftari awezaye kuulizwa na wengine kwa lugha wanayoielewa. Mtu abishapo katika mlango wa seva ya Linux, sehemu ya Linux iitwayo PAM, badala ya kufungua daftari lake yenyewe, humpelekea karani yule jina na neno kwa njia iliyofungwa wasikilizaji wasisikie. Karani huuliza RACF, kisha hurudisha jibu moja la mawili: ndiye, au siye. Mgeni hapewi orodha, hapewi unga, wala hapewi habari za watu wengine. Hupewa jibu la swali aliloliuliza. Mfanyakazi hukumbuka neno moja, ambalo kwa umoja wake laweza kuwa refu na gumu. Na siku aondokapo, jina lake hufutwa mahali pamoja na milango 30 hufungwa kwa pigo moja.

Mapatano haya yana wapinzani wenye akili, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni nane za kulinda habari ndani ya kompyuta. Moja yasema kwamba chombo cha ulinzi kiwe chepesi kadiri iwezekanavyo, nayo humuunga mkono atakaye daftari moja. Nyingine yasema kwamba vyombo vinavyotumiwa na watu wote kwa shirika viwe vichache kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa kila kitu cha shirika ni njia ambayo madhara ya mmoja huweza kuwafikia wote; nayo humuunga mkono atakaye daftari nyingi. Wataalamu hao hawakujipinga. Walijua kwamba wema mmoja ukifuatwa pasipo kipimo hula wema mwingine.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba mlango mmoja ukianguka yote imeanguka. Atakayemshinda karani wa mwenyeji amewashinda wageni wote. Hoja hii ni ya kweli, lakini nguvu yake hupungua mtu akumbukapo hali ya mgeni. Mgeni wa z/VM tangu awali anaishi katika kumbukumbu ya mwenyeji na kuandika katika diski za mwenyeji. Msimamizi mwenye mamlaka kamili juu ya mwenyeji aweza kuisimamisha seva ya mgeni au kuzifikia diski zake. Alalaye katika nyumba ya mtu amekwisha kuziamini kuta zake. Kumkatalia mwenye kuta ushahidi wa mlangoni ni tahadhari ifungayo dirisha katika nyumba isiyo na dari. Ni kweli kwamba mwaka 2020 IBM ilileta, kwa wageni wa mwenyeji wa namna nyingine aitwaye KVM, ulinzi wa kumzuia hata mwenyeji asione kumbukumbu ya mgeni. Katika nyumba ya jinsi hiyo hoja hurudi na nguvu zake, nayo yapaswa kupimwa upya. Imani hupimwa kwa nyumba ilivyojengwa, haipimwi kwa desturi ya jirani.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Neno la siri, hata likithibitishwa na mwenyeji, huandikwa kwanza mlangoni pa mgeni. Mgeni mmoja akiwa ameharibika, akatawaliwa na mwizi, aweza kulidaka neno hilo linapopita, kisha mwizi akalitumia kwa wageni wengine na kwa mwenyeji mwenyewe. Kamba hukatikia pabovu, na katika kamba ya nyuzi 30 ni vigumu kuapa kwamba hakuna uzi mbovu. Hapa ushahidi umeshirikiwa vizuri, lakini siri bado yapita katika mikono isiyostahili. Dawa ya hili ilitafutwa kwa muda mrefu. Mwaka 1978 Needham na Schroeder walionyesha jinsi mthibitishaji mmoja awezavyo kuwakutanisha wawili wasiojuana, hata kila mmoja akawa na hakika ya mwenzake, bila siri ya yeyote kusafiri njiani. Mwaka 1981 Dorothy Denning na Giovanni Sacco waliona kasoro katika njia hiyo: ufunguo wa zamani ulioibwa uliweza kuletwa tena kana kwamba ni mpya, kwa kuwa ushahidi haukuwa na wakati wake. Wakashauri wakati uandikwe. Mfumo wa Kerberos, uliotungwa MIT na kupewa jina la mbwa mlinzi wa hadithi za Wayunani, ulifuata njia hiyo. Mtu hujithibitisha mara moja kwa mthibitishaji, akapewa cheti cha saa chache, na milangoni huonyesha vyeti; neno lake hubaki kwake. Cheti kikiibwa hufa kwa saa. Fundisho lake lapita mpaka wa kompyuta: ushahidi usio na tarehe ni hatari kwa yule aliyeutoa kwa nia njema, maana mtu aliyeaminika jana si lazima awe wa kuaminika leo.

Hoja ya tatu ni ya uwezo wa kufunga. Mwenyeji akizimika, au karani wake asipojibu, mgeni mzima hushindwa kuwatambua watu wake mwenyewe. Tena, ikiwa kanuni ya mwenyeji ni kumfungia mtu baada ya makosa kadhaa ya neno la siri, mtu mwenye chuki aweza kusimama katika mlango wa mgeni mdogo kabisa, akakosea makusudi kwa jina la mwenzake, na mwenzake akafungiwa nyumba nzima. Kwa hiyo busara hutaka kila mgeni abaki na ufunguo mmoja wake mwenyewe, uliofungwa katika bahasha, usiotumiwa ila siku ya dhiki, na ambao kutumiwa kwake huandikwa na kuulizwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mgeni asiyeweza kufungua hata chumba kimoja bila idhini ya mwenyeji amekwisha kuacha kuwa mgeni, amekuwa mateka.

Zaidi ya hoja hizo tatu liko jambo ambalo pande zote mbili hulisahau, nalo ndilo lenye kuumiza watu. Shirika mbaya kuliko zote si la daftari wala la karani. Ni shirika la neno moja miongoni mwa watu wengi. Katika ofisi zisizo na mapatano mema, kila seva huwa na neno lake la mtawala mkuu, na neno hilo hujulikana na mafundi wanne au watano, kwa kuwa kazi haingojei mmoja wao arudi kutoka safari. Usiku mmoja faili kubwa hufutwa. Asubuhi kumbukumbu za seva husomwa, nazo husema kwa uaminifu kwamba mtawala mkuu ameingia na mtawala mkuu amefuta. Mtawala mkuu ni nani? Ni watu watano wenye jina moja. Mmoja ana hatia na wanne hawana, lakini wote watano huketi mbele ya mkubwa wao wakiwa na uso mmoja. Samaki mmoja akioza, wote huhesabiwa wameoza. Asiye na hatia hana njia ya kujitetea, kwa kuwa kitu pekee kilichoweza kumtetea, yaani jina lake mwenyewe mahali pa kazi yake, alinyimwa siku alipopewa neno la wote.

Watungaji wa z/VM waliliona jambo hili. Mashine ya mgeni katika z/VM ni mtumiaji mwenye jina katika daftari la mwenyeji, na palikuwa na desturi ya mafundi wote kuingia kwa jina la mashine na neno la mashine. Ikawekwa njia nyingine: fundi huandikwa kuwa mmoja wa wale walioruhusiwa kuingia katika mashine hiyo, naye huingia kwa jina la mashine lakini kwa neno lake mwenyewe. Neno la mashine halihitaji kujulikana na yeyote. Kazi ni ya shirika, mashine ni ya shirika, ila dhamana ni ya mtu mmoja mmoja. Jambo hili dogo lina uadilifu mwingi ndani yake. Lamhukumu mwenye hatia, na kabla ya hapo lamwachia huru asiye nayo.

Ukisha kuyaweka haya pamoja, jibu la swali la kwanza laonekana. Mwenyeji aweza kuwa shahidi wa mtu ni nani. Asiwe mwamuzi wa kila alifanyalo mtu huyo katika chumba cha mgeni. Kutambua ni kitu kimoja, kuruhusu ni kitu cha pili. Karani asemapo kwamba huyu ndiye, amesema kweli yote aliyo nayo, na kazi yake imekwisha. Kama huyu afaa kusoma hesabu, au kubadili majedwali, au kuzima seva, hilo ni la mgeni ajuaye mali iliyomo ndani yake. Mgeni amwachiaye mwenyeji yote mawili amejivua jukumu. Mgeni amkataliaye yote mawili amejitwisha mzigo usiobebeka. Wala mwenyeji asipokee ushahidi wa mgeni kama wageni wapokeavyo wake, kwa kuwa aliye ndani ya nyumba hawezi kuwa mdhamini wa kuta.

Yamkini vyombo hivi vitapitwa na wakati, kama vilivyopitwa vya mwaka 1961. Neno la siri lenyewe limekwisha kuanza kuondoka, na mahali pake panakuja funguo na alama za vidole. Litakalobaki ni haki ya kila mtu kuingia kwa jina lake, kushuhudiwa bila siri yake kugawiwa, na kulaumiwa kwa lile alilolitenda yeye na si kwa lile lililotendwa na jina la wote. Nyumba imtunziayo mtu haki hiyo, iwe na wageni 3 au 300, imemtendea wema hata kabla hajaketi.